Usiku wa Ijumaa si Ijumaa Usiku

Hotuba iliyosomwa siku ya kuniaga ina makosa manne. Imesema nilianza kazi mwaka 1986. Nilianza 1985, na barua yangu ya ajira imo katika jalada langu kwa yeyote anayetaka kuisoma. Imesema nimezaliwa mtaa wa Malindi. Nimezaliwa Kiponda, na wazee wangu wangalikuwa hai wangalimwita mwandishi wa hotuba akae kitako aelezwe. Imesema sikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Nilichelewa mara mbili, zote kwa mvua za masika, na zote niliziandika kwa mkono wangu katika daftari la mahudhurio. Makosa hayo matatu nayasamehe, kwa kuwa kijana aliyeiandika hotuba alikuwa na haraka na pilau ilikuwa inapoa.

La nne silisamehe. Hotuba imesema kwamba katika kesi ya mwani wa Chwaka, kompyuta yetu “iligundua kosa la tarehe na kumnusuru mtu asiye na hatia, chini ya uangalizi makini wa Bi Zuwena”. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani kwa mikono miwili na mdomo umejaa, hali ambayo mtu mzima hawezi kupinga jambo lolote kwa heshima.

Kompyuta haikugundua kitu. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki katika chumba cha kumbukumbu, na kwa ajili ya mtu mmoja mwengine nitakayemtaja mwisho. Nitakwenda kwa mpangilio, kwani sikuzoea kwenda vyengine.

Niliingia kituo cha mjini nikiwa karani wa kiraia, si askari, nikapangiwa chumba cha simu ya upepo, ghorofa ya juu, katika moja ya majengo yale ya Mji Mkongwe ambayo ngazi zake zilijengwa kwa ajili ya watu wenye miguu mirefu kuliko yetu. Chumba kilikuwa na meza mbili, taipureta moja iliyokataa herufi ya “k”, na kitabu kikubwa cha taarifa chenye jalada gumu. Nyuma ya kitabu hicho alikuwa amekaa Sajini Bakari.

Sajini Bakari alikuwa mtu wa makamo, mtoto wa Jang'ombe. Wazee wake walitoka bara zamani kuja kuchuma karafuu, wakabaki. Alikuwa na rula ya mti wa mvule aliyoichonga mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku yangu ya kwanza nilikosea kuandika nambari ya baiskeli iliyoibwa. Nikatoa wembe mkobani nikaanza kukwangua wino taratibu, kama tulivyofundishwa skuli.

“Wafanya nini, binti?”

“Narekebisha, Sajini.”

“Unaficha.” Akauchukua ule wembe, akautia mfukoni, na hadi leo sijarejeshewa. “Kata kwa mstari mmoja mwembamba, la chini lisomeke. Andika lililo sahihi juu yake. Halafu tia saini.”

“Lakini watu wataona nimekosea.”

“Ndiyo maana ya saini.”

Kwa miaka yote iliyofuata sikupata mafunzo mazuri zaidi ya hayo, na nimehudhuria mengi, mengine yakiwa na chai na vitafunio.

Kazi yetu ilikuwa kuviita vituo vya shamba asubuhi na alasiri, Chwaka, Makunduchi, Mkokotoni na vyengine, kuchukua taarifa zao na kuwapa zetu. Mvua ikinyesha, sauti zilikuja kama mtu anayekaanga samaki. Tulilazimika kutaja herufi moja moja: “M kama Makunduchi, Z kama Zuwena”. Askari wa Mkokotoni alikuwa na desturi ya kutumia majina ya vyakula, kwa hiyo taarifa zake zilitutia njaa.

Sajini alikuwa na sharti jengine, na hili nawaomba mlishike. Taarifa iandikwe kwa maneno ya aliyeitoa. Mzee wa Makunduchi akisema kwa Kimakunduchi, askari wa huko ayataje maneno yaleyale, mimi niyaandike, na maana yake niitie pembeni kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini tusiandike maana tu, tukaokoa wino.

“Maana ni yako,” alisema. “Maneno ni yake. Siku ukiikosea maana, utarudi wapi?”

Kitu pekee tulichokigeuza ni saa. Kanuni ilitaka saa za kiserikali, zinazohesabiwa toka usiku wa manane, na wananchi wetu wanahesabu toka jua kuchomoza na kuzama. Mtu akituambia saa mbili, tulimuuliza ya asubuhi au ya usiku, tukageuza. Wakati mmoja askari mgeni alipelekewa amri ya maandishi afike bandarini saa 8:00 kumlaki mkubwa fulani. Alifika saa nane ya mchana, viatu vinang'aa, mkubwa alikwisha lakiwa, akala chakula cha mchana na kuondoka. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiamini kosa la namna hiyo haliwezi kunipata.

Jambo ambalo nyinyi mnaliita polisi jamii, na mnalifanyia semina, Sajini aliliita kwenda kunywa kahawa. Kila siku baada ya swala ya alasiri alivua kofia, akaenda baraza moja la Jang'ombe, akanywa vikombe viwili vidogo, akarudi. Hakuuliza kitu. Alisema watu wakimwona polisi anauliza hujibu, na wakimwona anakunywa kahawa husema, na kwamba majibu na maneno ni vitu viwili mbalimbali. Mimi, mwanamke, sikuweza kukaa katika baraza la wanaume. Baraza langu lilikuwa jikoni kwenye shughuli za watu, harusini na hitimani, mkononi nina kisu cha kumenyea vitunguu. Nathubutu kusema kwamba taarifa za jikoni zilikuwa nyingi kuliko za kahawani, na zilikuja zimeshachambuliwa.

Miaka ya tisini ilituletea mashine ya faksi. Tulishangilia. Karatasi zake zilikuwa laini na zenye kung'aa, nami nikazipanga vizuri katika majalada kwa tarehe. Baada ya miezi kadhaa nilifungua jalada moja nikakuta karatasi nyeupe tupu. Joto lilikuwa limezifuta zote. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza niliyokutana nayo inayofuta bila kutia saini. Tangu siku hiyo kila faksi iliyoingia niliinakili kwa mkono kabla sijaiweka, na vijana wa zamu wakanipachika jina la Bi Nakala. Nililijua jina hilo. Nililinakili.

Sajini Bakari alistaafu katika miaka hiyo. Hakutoa hotuba. Aliiweka rula yake ya mvule juu ya kitabu, akasema, “Chunga isipinde,” akashuka ngazi.

Kompyuta ilikuja baada ya mwaka 2000, ndani ya sanduku ambalo lilikaa ukumbini muda mrefu, kwa sababu kila mkubwa alisubiri mkubwa mwenziwe aamue likae wapi. Pamoja nayo alikuja Inspekta Elias. Kijana mzaliwa wa Tabora, mpole, msomi, mwenye haraka, alitumwa kutufundisha mfumo mpya wa taarifa na kuanzisha mikutano ya polisi na wananchi shamba na mjini. Aliniamkia “Shikamoo” kila asubuhi, na nilipomkosoa alisema “Ahsante, Bi Zuwena” kana kwamba nimempa zawadi. Nilimpenda, na nimeandika hivyo ili atakapoyasoma yanayofuata asidhani nina kisasi.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri. Taarifa ikiingizwa mjini, wapelelezi waliisoma papo hapo katika chumba chengine, bila ya mtu kupanda ngazi. Tatizo langu lilikuwa visanduku. Kila kitu kilikuwa na kisanduku chake, na kisanduku cha tarehe hakikubali maneno. Niliwahi kujaribu kuandika “baada ya Idi”, kikanilia. Inspekta Elias alinieleza kwa upole kwamba mashine inahitaji nambari. Nikazoea. Nilizoea haraka kuliko nilivyotarajia, na nikaanza kuona fahari.

Kitabu cha karatasi niliendelea nacho kwa hiari yangu. Vijana walicheka.

Sasa mwani. Jumamosi moja asubuhi Konstebo Ali wa Chwaka aliita kwa simu ya upepo. Banda la akina mama wanaolima mwani limevunjwa, mapolo, yaani magunia, kumi na moja ya mwani mkavu yamechukuliwa, na jirani alisikia mngurumo wa gari. Aliyetoa taarifa ni kiongozi wa kikundi chao, Bi Mize Haji. Nikauliza lini.

“Anasema usiku wa Ijumaa. Ova.”

Niliandika katika kitabu: “usiku wa Ijumaa”. Kisha nikageukia kompyuta. Kalenda ilikuwa ukutani. Nikaitazama Ijumaa, yaani jana yake, nikaingiza tarehe hiyo, na kwenye kisanduku cha saa nikaingiza usiku. Mashine haikulia. Nikaenda kunywa chai.

Hapa nisimame kwa ajili ya wenzangu mliotoka bara na vijana wa mji mliokuzwa na televisheni. Kwa watu wetu, siku huanza jua likizama. Alhamisi ikishafika magharibi, Ijumaa imeshaingia. Usiku wa Ijumaa, basi, ndio ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Ukitaka ule mwengine, unasema Ijumaa usiku. Maneno ni mawili yaleyale, yamegeuzwa tu, na baina yake pana siku nzima. Mama yangu kila Alhamisi jioni alituamuru tuoge na tukae tusome Yasini, kwa kuwa usiku wa Ijumaa umeingia. Niliyajua haya kabla sijajua kusoma. Siku ile, mbele ya kile kisanduku, sikuyajua.

Wapelelezi waliisoma tarehe yangu na kuifuata. Walimuuliza Konstebo Ali: Ijumaa usiku uliona gari gani geni Chwaka? Akasema, na ndiyo kweli, aliona pikapu ya Makame Juma wa Jang'ombe. Makame alikuwa dereva wa mizigo, kijana anayejulikana na nusu ya mji. Jumatatu asubuhi askari kanzu wakamfuata, wakamuuliza: Ijumaa usiku ulikuwa wapi? Akasema, na ndiyo kweli, nilikuwa Chwaka. Kwa wapelelezi huko kulikuwa ni kukiri. Wakamtia mahabusu. Alhamisi ilikuwa apandishwe mahakamani. Mwenye pikapu, kwani gari haikuwa ya Makame mwenyewe, alikuja kituoni akaomba ufunguo wake, akasema ataitafutia dereva mwengine asiyekuwa mwizi.

Kila mtu katika mkasa huu alijibu sawasawa swali aliloulizwa. Swali ndilo lililokuwa bovu, na swali lilitoka kwangu.

Jumatano, siku moja kabla ya mahakama, Inspekta Elias alikuwa na mkutano wake wa wananchi Chwaka, katika darasa la skuli. Alinichukua niende kueleza jinsi taarifa inavyopokewa. Sheha alikuwepo, wanaume walikaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yao, na akina mama wa mwani walijaza madawati ya mbele, mikono imekakamaa kwa chumvi. Inspekta aliona ni busara kuwaonesha kwamba malalamiko yao hayapotei. Alikuwa amechapisha ukurasa kutoka kwenye kompyuta.

“Taarifa yenu ilipokewa, na mtuhumiwa tunaye. Sikilizeni wenyewe.” Akasoma. “Wizi ulitokea Ijumaa usiku, katika banda la kikundi…”

“Hebu soma tena hapo, mwanangu.” Alikuwa Bi Mize Haji, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na sauti ya kuitia watu walioko majini.

“Ijumaa usiku, Bi.”

“Ijumaa usiku mie nlikuwa harusini. Na huyo mwizi angekuja kuchukua nini? Mapolo yashakwenda zake.”

Madawati yakacheka. Inspekta akatabasamu, akaishika karatasi kwa nguvu zaidi.

“Bi Mize, taarifa uliitoa mwenyewe. Ulisema usiku wa Ijumaa.”

“Naam. Usiku wa Ijumaa.”

“Sasa si ndiyo Ijumaa usiku?”

Mama mmoja wa dawati la pili akamgeukia mwenziwe. “Huyu kasomea wapi?”

“Mwacheni, mgeni huyo,” alisema Bi Mize. “Mwanangu, usiku wa Ijumaa si unaingia Alhamisi likizama jua? Basi ndio huo. Asubuhi yake, Ijumaa, nkakuta mlango wazi na banda jeupe. Nkaurejesha mlango, nkanyamaza. Mchana ule kuna harusi, bi harusi mtoto wa ndugu yangu. Nende nkalie mapolo mbele ya bi harusi? Jumamosi ndo nkaenda kwa Ali.”

“Na mliyemkamata nani?” akauliza yule wa dawati la pili.

“Dereva mmoja wa Jang'ombe. Makame Juma.”

“Makame?” Bi Mize akasimama kabisa. “Makame ndiye aliyetuletea akina mama wa mjini harusini, hiyo Ijumaa usiku. Kala wali hapa, sahani mbili, mbele ya macho yangu. Nyie mumemfunga mtu kwa kula wali?”

Inspekta Elias akanitazama. “Bi Zuwena?”

“Anavyosema Bi Mize ndivyo,” nilisema.

“Nani basi kaandika Ijumaa usiku?” akauliza Bi Mize. Hakuuliza kwa ubaya. “Mashine?”

Wenzangu, hapa ndipo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, “mimi”, mbele ya watu wanaohusika, na sikulisema. Inspekta akanihurumia.

“Mashine, Bi,” alisema.

“Basi ileteni huku tuifundishe siku,” alisema Bi Mize, na darasa zima likacheka, hata sheha. Nami nilicheka.

Turudi mjini. Sikungoja kuvua viatu vya vumbi. Nilifungua kitabu cha karatasi kwenye ukurasa wa Alhamisi ile, kwani sasa swali lilikuwa Makame alikuwa wapi Alhamisi baada ya magharibi. Mstari wa nne kutoka chini, kwa mwandiko wangu, palisomeka: “Pikapu ya mizigo, dereva Makame Juma wa Jang'ombe, imezuiwa kwa kukosa taa za nyuma. Imelazwa uani kituoni. Dereva ameomba kulala ndani ya gari kuchunga turubai. Ameruhusiwa.” Chini yake: “Asubuhi, taa zimetiwa, gari imeondoka.” Usiku wa wizi, basi, gari ile ilikuwa chini ya dirisha langu, na Makame yumo ndani amelala. Nilikuwa nimeipita nikienda nyumbani.

Tulimtoa mahabusu jioni ileile. Inspekta alitaka nimuulize mimi, kwa kukamilisha maelezo.

“Makame, Alhamisi usiku ulikuwa wapi?”

“Kwenu, Bi. Pale uani. Mbu wenu wote nnawajua kwa majina.”

“Mbona hukusema?”

“Mliniuliza Ijumaa.”

Wezi wenyewe walipatikana baadaye. Wana jalada lao, sina haja ya kulifungua hapa. Mwenye pikapu aliporudisha ufunguo, Inspekta alikwenda nao mwenyewe hadi Jang'ombe, akamkabidhi Makame mbele ya majirani, na hilo naliandika kwa sifa yake.

Kilichobaki kilikuwa kumbukumbu. Katika kitabu cha karatasi hapakuwa na kitu cha kukata. Maneno ya Bi Mize yalikuwa yamekaa pale toka mwanzo, sahihi, kwa wino. Kosa lilikuwa ndani ya kompyuta tu. Nikafungua kile kisanduku, nikabonyeza mara chache, tarehe ya zamani ikatoweka, nikaingiza mpya. Hapakuwa na mstari, wala lililo chini yake kusomeka, wala pahala pa saini. Nitasema kweli: nilipata raha. Rula ya Sajini Bakari ilikuwa pale mezani na niliisogeza nyuma ya mashine.

Kisha nikachapa ripoti. Inspekta alinisomea, mimi nikachapa: “Kosa la tarehe liligunduliwa na kurekebishwa katika mfumo.” Itazameni sentensi hiyo vizuri. Liligunduliwa na nani? Lilifanywa na nani? Kiswahili kina njia nyingi za kumtaja mtendaji na moja ya kumficha, nami nilichagua hiyo moja. Ripoti ilipanda ngazi, ikashuka, ikanukuliwa katika ripoti nyengine, na kila ilipopita kwa mtu ilipungua neno. Baada ya miaka michache ikawa “mfumo uligundua”, na siku ya pilau ikawa kompyuta, chini ya uangalizi makini.

Makame naye aliamini. Wiki ile ile alikuja kituoni na mkungu wa ndizi mkono wa tembo begani.

“Hizi za nini?” nilimuuliza.

“Za mashine, Bi. Nasikia ndiyo iloniokoa.”

Niliupokea. Tulizichemsha na nazi, tukala zamu nzima. Kila tulipokutana njiani baada ya hapo, kwa miaka, alikuwa akinipungia mkono kutoka dirishani mwa gari. “Bi Zuwena, leo usiku wa lini?” Nilimjibu kwa usahihi kila mara.

Isije ikadhaniwa kwamba sikufanya kitu. Nilimsumbua Inspekta Elias hadi mfumo ukatiwa kisanduku kirefu kinachokubali maneno, nacho ni hicho mnachokiona leo, “Maneno ya mtoa taarifa”. Wengi wenu mnakiacha kitupu. Nimekagua. Kijazeni. Mtu akikwambieni usiku wa Ijumaa, andikeni usiku wa Ijumaa, halafu muulizeni: ule ulotangulia au ule ulofuata? Haichukui muda.

Wiki moja baada ya kuagwa nilikwenda Jang'ombe. Makame sasa ana mvi na pikapu ni yake. Nilimkuta anafuta kioo cha mbele.

“Shikamoo, Bi Zuwena. Leo usiku wa lini?”

“Marahaba. Leo nina neno.”

Nikamweleza lote, kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa. Aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

“Siku tatu zile,” alisema hatimaye, “mama hakutoka nje. Jirani wakiniulizia, akiwaambia nimekwenda Pemba.”

“Nilikuwa sijui.”

“Hamkuuliza.” Akakunja kitambaa. “Na ndizi?”

“Nilikula mie.”

“Zote?”

“Na wenzangu.”

“Mie kila siku nkijiuliza mashine inakula vipi.” Akacheka kidogo, akaacha. “Mama bado yupo, Bi. Hadi leo mtu akitaja polisi anasema, mwanangu waliandika mwizi halafu wakafuta, hawakusema kwa nini. Umeandika pahala kwamba ni wewe?”

“Sijaandika.”

“Basi andika. Nataka nimsomee.”

Nilirudi kituoni nikaomba nakala ya hotuba, iliyowekwa katika jalada langu la kustaafu. Kijana wa chumba cha kumbukumbu alinipa, akauliza iwapo nataka aifute ile sentensi kwenye kompyuta na kuchapisha upya, kwani ni dakika moja tu. Nikamwambia asiguse. Nikatoa rula ya mvule mkobani, haijapinda. Nikapiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yote kuanzia “kompyuta yetu iligundua” hadi “uangalizi makini wa Bi Zuwena”, ya chini yakabaki kusomeka. Juu yake nikaandika: “Kosa la tarehe nililifanya mimi, Zuwena Salim. Lilijulikana kwa Bi Mize Haji wa Chwaka. Makame Juma alikaa mahabusu siku tatu kwa ajili yake, na hakuwa na kosa lolote.” Nakala moja imebaki jaladani, na moja nimempelekea Makame amsomee mama yake.

Nikatia saini na tarehe. Ilikuwa Ijumaa, na nimeandika pia: mchana.